Kanuni Kumi na Tano za Kumtenga Idman

Abdullahi Guleid,
Dalali wa Mifugo,
Waberi, Garissa.
Jumatano, 10 Februari 2021.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule anakosoma binti yangu Idman.

Mwalimu Mkuu unayeheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUMFUNGULIA IDMAN ABDULLAHI, DARASA LA NANE, KABLA YA BASI LA KESHO

Assalamu alaikum. Najua wewe ni mtu wa Mwingi na Jumapili unakwenda kanisani, lakini umekaa kwetu miaka sita na salamu hii unaiitikia vizuri kuliko wanangu wawili wakubwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kundi lenu la WhatsApp la wazazi mmelifunga. Walimu wanasema, wazazi wanasikia. Mara tatu nimejaribu kujibu na simu imenikatalia. Hata sokoni, ambako nimekuwa dalali wa mbuzi na ng'ombe kwa miaka ishirini na miwili, mnunuzi anaruhusiwa angalau kuguna.

Kabla sijafungua malalamiko, nieleze jinsi barua hii inavyoandikwa, usije ukanidhania mambo. Mimi sikupita darasani, nilipita machungani. Kiswahili changu ni cha sokoni, kinatosha kuuza fahali lakini hakitoshi kumwandikia Mwalimu Mkuu. Kwa hiyo mimi ninasema na Idman anaandika. Yeye yuko ndani ya chumba alichotengwa; mimi niko nje chini ya dirisha, nimekaa juu ya mtungi wa lita ishirini, barakoa mdomoni. Nikikosea yeye ananyoosha. Ndiyo maana barua imenyooka kuliko mwenye barua.

Ni Idman huyo huyo anayetusomea ujumbe wenu, kwa kuwa mnaandika kwa Kiingereza. Katika nyumba yangu Kiingereza kinajulikana na yeye peke yake. Kaka yake Billow alikisomea miaka minne ya sekondari, kisha akakiacha huko huko shuleni.

Sasa kisa chenyewe. Jumatatu tarehe mosi mwezi huu Idman alikohoa kwenye gwaride la asubuhi. Alikohoa mara tatu, na mwalimu wa zamu ni shahidi. Mkamrudisha nyumbani, na jioni simu yangu ikaleta ujumbe mrefu kama ushuhuda wa kesi ya shamba. Tukamwita Idman autafsiri. Yaani ujumbe unaotuambia tusimkaribie mtoto ulitulazimu tumkaribie mtoto ili tuujue. Hilo nawasamehe.

Alisimama mlangoni akasoma polepole, kanuni moja baada ya nyingine, hadi kumi na tano. Kwenye kanuni nyingine alitazama dari kwanza, kisha akaendelea. Nilidhani ni homa.

Mwalimu, mimi karantini sifundishwi. Mbuzi akikohoa, kwetu anatengwa zizi lake, anapewa maji yake, na anayemshika hagusi kundi lingine. Hakuna mjadala wala huruma. Kwa hiyo kanuni zenu nilizitii zote, bila kupunguza hata moja, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanzia. Nayapanga kwa namba ili yasipotee ofisini kwako.

1. Chumba. Kanuni ya kwanza inataka mtoto apewe chumba chake peke yake, chenye mlango unaofungwa, meza, na taa isiyoguswa na mtu mwingine. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mlango mmoja tu unaofungwa, nao ni wa chumba cha wageni. Hicho ndicho chumba chenye zulia, mito ya kuegemea na chupa kubwa ya chai. Hapo ndipo wanaume wenye akili zao huketi nami baada ya soko kupanga bei za wiki ijayo. Leo mito yangu imeegemewa na vitabu vya hesabu. Wageni wangu wamepangwa kwenye ukuta wa nje kama watu wanaosubiri vitambulisho, na juzi mmoja wao, mtu mzima aliyekwenda Makka, alikunywa chai akiwa amechuchumaa.

2. Vyombo. Kanuni ya nne inasema aliyetengwa asiguse sufuria, ufagio, ndoo, wala mtoto wa jirani. Ya tano inasema kazi hizo zifanywe na kaka zake, kwa sababu sabuni inaua virusi na wavulana ndio wanaozurura zaidi. Mimi sibishani na sayansi. Lakini Billow ana miaka kumi na tisa na ndevu. Siku ya kwanza alishika sufuria ya wali kwa vidole viwili akaniambia kwa lugha yake ya Nairobi, "Mzee, hii ni noma. Maboyz wakiniona nimeisha." Nikamwambia hizi ni kanuni za Mwalimu Mkuu. Mdogo wake Kadar amevunja bakuli tatu, mbili kwa bahati mbaya. Mama yao, Nimo, amekaa pembeni siku kumi akiwatazama na hajalalamika hata mara moja. Nimeishi naye miaka ishirini na moja, na kimya hicho kinanitia wasiwasi kuliko korona.

3. Kuitwa. Kanuni ya saba: mtoto asiitwe jina lake zaidi ya mara mbili kwa siku, kwani kuitika kunachosha mapafu. Mwalimu, sikujua kabisa kwamba nyumba yangu inaendeshwa kwa jina hilo. Idman, viatu vyangu. Idman, chai. Idman, funga mbuzi. Idman, chaja iko wapi. Siku ile ya kwanza mara zetu mbili ziliisha kabla jua halijapanda vizuri, na chaja haijaonekana mpaka leo.

4. Televisheni isitoe sauti kuanzia Magharibi kwa kuwa sauti inatikisa hewa. Tunatazama mpira kimya. Bao likiingia tunainua mikono tu na kutazamana.

5. Maini. Kanuni ya nane inaagiza maini ya mbuzi kila asubuhi, vitunguu vichache, pilipili kando, na maziwa ya ngamia jioni. Nayatoa, sina kinyongo. Ninachouliza ni nani aliyewaambia wizarani kwamba mwanangu hapendi vitunguu vingi. Sikujua serikali inatufahamu kwa undani kiasi hicho, na ningependa kujua wanajua nini kingine.

6. Wagonjwa kutembelewa. Hapa kosa ni letu nusu. Mliposema mtoto atengwe, nilituma sauti kwenye kundi la ukoo nikawaeleza. Kwetu mtu akiugua ana haki ya kujuliwa hali, na hakuna anayetaka kuulizwa kesho mbele ya Mungu mbona hakwenda. Ndani ya siku mbili walifika watu ishirini na watatu, wengine kutoka Masalani, kuja kumwona mtoto asiyeruhusiwa kuonekana. Walikaa uani magoti yakigusana kwa saa nne, wakisimuliana jinsi ugonjwa huu unavyotaka watu wasikaribiane. Jirani yetu Mama Arbia, ambaye Kiswahili chake ni kama changu, alichungulia dirishani akatangaza kwa wote, "Wallahi huyu si mgonjwa, huyu amebata afya!" Idman akakohoa kidogo na Mama Arbia akarudi nyuma haraka. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na sasa mtaa mzima unasema nimemficha binti yangu ndani nimnenepeshe.

7. Elimu yangu mimi. Hili naona aibu kulisema. Kanuni ya kumi na tano inaamuru kwamba kila siku baada ya Alasiri baba wa mtoto, si mama, baba, akae chini ya dirisha nusu saa amsikilize mtoto akisoma kwa sauti, ili kupima pumzi zake. Niliuliza mbona kuitika kunachosha mapafu na kusoma hakuchoshi. Idman akajibu kwamba sayansi bado inalichunguza jambo hilo.

Basi nimekaa. Nimepima pumzi, na wakati huo huo nimejazwa mambo. Sasa najua moyo wa mtu una vyumba vinne, kimoja zaidi ya nyumba yangu. Najua kazi ya figo, najua mvua inatoka wapi na kwa nini haifiki kwetu. Juzi nilimweleza mnunuzi kutoka Thika jinsi ini la ng'ombe linavyosafisha damu; alinitazama, akatazama ng'ombe, akaenda kwa dalali mwingine. Na jana, Mwalimu, soko lilichelewa kumalizika, nikajikuta ninakimbia. Mzee wa miaka hamsini na mmoja, kikoi mkononi, anakimbia katikati ya Waberi ili asipitwe na habari za mmeng'enyo wa chakula. Watu waliniuliza kama kuna moto. Hii si heshima mliyonifanyia.

8. Safari. Haya yote ningeyavumilia. Hili la nane ndilo lililonikalisha juu ya mtungi. Dada yangu Weris, wa Griftu, amejifungua jana mtoto wa kike, alhamdulillahi. Wewe umekaa nasi, unajua kwamba kwetu mzazi hatoki nje siku arobaini, na msichana wa ukoo huenda kumshikia kazi: kumchemshia uji, kufua, kumbeba mtoto mama alale. Zamu hii ni ya Idman. Niliitangaza zamu hiyo tangu mwezi wa kwanza, mbele ya watu, na neno langu lilishafika Griftu. Kiti chake kwenye basi la kesho kimewekwa. Lakini kanuni yenu ya kumi na tatu inasema aliyetengwa asisafiri nje ya mji kwa hali yoyote, hata akiombwa na jamaa wa karibu. Hiyo Idman alinisomea mara tatu, bila kuombwa.

Najua utasema mtihani. Nimehesabu, mimi ni mtu wa hesabu. Siku arobaini zinaisha Jumamosi tarehe 20 Machi. Mtihani wa taifa unaanza Jumatatu tarehe 22. Anabaki na Jumapili nzima, asubuhi ya kusafiri na jioni ya kuchonga penseli. Mimi sioni panapovuja. Nilipotamka hesabu hii Idman aliacha kuandika, nikagonga dirisha mara mbili ndipo akaendelea. Nimo naye alikuwa anaanika nguo. Aliacha nguo kwenye beseni akaingia ndani. Sijui kwa nini kila mtu katika nyumba hii amekuwa mgonjwa.

Usidhani sikutafuta njia ya halali. Mnyama akitoka karantini, sokoni kwetu anapewa kibali cha kusafirishwa, chenye muhuri. Jana asubuhi nilikwenda kwa daktari wa mifugo tunayefanya naye kazi nikamwomba amwandikie Idman. Nilimweleza kwamba anakula vizuri, macho yana nuru, pua ni kavu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kibali chake ni cha wenye kwato.

Kwa hiyo mlango uliobaki ni wako. Ninaomba hivi.

Kwanza, zile siku kumi na nne ziwe kumi. Idman amemaliza kumi leo jioni, na mbuzi wangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuhitaji zaidi.

Hilo likikushinda, ombi la pili ni kwamba wewe Mwalimu uende Griftu mwenyewe. Kiti kipo, basi linaondoka alfajiri, na Weris ni mtu mpole ukimzoea. Siku arobaini si nyingi. Shule itaangaliwa na Billow, ambaye kwa siku kumi sasa amejifunza kutii amri asizozielewa, na nadhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Na hilo nalo likikushinda, tuchukueni sisi sote. Sisi watu sita na mbuzi wanne tutahamia shuleni kwenu kesho, tukae bwenini mpaka kanuni zenu ziishe, kwa sharti moja tu kwamba televisheni ya huko iwe na sauti. Ukiniuliza nini kitatokea usipojibu ombi lolote kati ya haya matatu, nitakwambia kweli: nitazivunja kanuni zote kumi na tano kesho alfajiri, nitamtoa mwanangu, na nitakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvunja karantini. Baba yangu hakuwahi, wakati wa ukame wala wakati wa tauni ya ng'ombe. Naomba usinifikishe hapo.

Barua ataileta Billow akimaliza vyombo. Nimeagiza bahasha ifungwe kwa gundi na ipanguswe kwa dawa ya mikono.

Nisalimie mama watoto huko Mwingi, naibu wako, mwalimu wa zamu mwenye masikio makali, mpishi, mlinzi wa lango ambaye bado ana fimbo yangu, na wale wote kwenye kundi la WhatsApp wanaotamani kusema na hawawezi. Mungu atuondolee maradhi haya na ujumbe wake.

Mimi mzazi mtiifu kupita kiasi,
Abdullahi Guleid
(alama ya kidole gumba, imepitishwa dirishani)

Nyongeza:

Mwalimu, huyu sasa ni Idman. Baba amekwenda kuswali Magharibi. Nimemsomea barua yote akasema nimeiandika vizuri, nimeongeza hata heshima ambayo yeye hakuisema. Hii nyongeza hajaisikia.

Kanuni mlizotuma zilikuwa tano. Mtoto akae nyumbani siku kumi na nne, avae barakoa, anawe mikono, atumie kikombe chake, na mzazi apige simu hali ikibadilika. Nyingine kumi ni zangu, tisa nilizitunga nikiwa nimesimama mlangoni, watu wote wakinitazama. Ya maini nakiri ilikuwa tamaa. Ile ya kusafiri niliitunga kwanza, kabla hata sijakohoa. Kikohozi cha gwaride kilikuwa changu, lakini hakikutoka kifuani. Naomba unisamehe, na mwambie mwalimu wa zamu pia anisamehe, kwa sababu aliniletea maji na alikuwa na wasiwasi kweli.

Nimefanya hivyo kwa sababu Mama alitolewa shule akiwa darasa la saba kwenda kumsaidia mtu siku arobaini. Hakurudi. Hakuna aliyemkataza, siku ziliisha tu na dawati lake likawa la mwingine. Mama anajua ninachofanya. Alijua tangu kanuni ya tano. Jioni ile aliniletea balbu mpya.

Kwa siku kumi nimemaliza kitabu chote cha hesabu na nusu ya sayansi. Sijawahi kusoma ukurasa mzima nyumbani bila kuitwa, nilikuwa sijui ukurasa una mwisho. Shangazi Weris nimezungumza naye kwa simu ya Mama. Ruweyda, binti wa shemeji yake, ambaye sekondari ameshaimaliza, yuko naye tangu mtoto alipozaliwa, na wote wawili wananitakia mtihani mwema. Lakini Baba hawezi kulisikia hilo kutoka kwangu, kwa sababu alishasema mbele ya watu.

Kwa hiyo ninaomba mtume kanuni moja ya kweli, kwamba mtahiniwa asitolewe mjini mpaka mtihani uishe. Tafadhali usiiandike. Isome kwa sauti yako, kwa Kiswahili, uitume leo kabla ya Isha, ili safari hii Baba asikie mwenyewe na nisiwe mimi ninayesoma. Baba akiisikia kutoka kwa Mwalimu Mkuu ataitii, umemwona, yeye hutii mpaka watu wanaumia. Ataweza kuwaambia watu kwamba yeye alitaka nami nilizuiwa na serikali. Ukichelewa, ujue kwamba mdogo wangu Samsam, ambaye yuko darasa la tano, ameanza kukohoa tangu jana na anasema kikohozi chake kina kanuni ishirini.

Hizo kumi zangu zifute zote, hata ya vyombo, ingawa Kadar ameanza kuosha vizuri. Lakini ya kumi na tano, ya Baba kukaa chini ya dirisha, hiyo sikuitunga kwa ajili ya mtihani. Jana nilimsikia akija mbio. Tafadhali, Mwalimu, ukituma sauti yako, itaje na hiyo, na useme ni yenu.